Gamba la Begani

SURA YA SITA

Mlinzi alikuwa apandishwe kizimbani saa nane mchana. Mkuu wa kituo alikwisha kulisema hilo mara mbili asubuhi hiyo, mara ya kwanza kwa sauti ya kistaarabu na mara ya pili kwa kupiga meza. Inspekta alichukua faili lake, akamchukua na Sajini, akarudi kwenye karakana ya makumbusho alikofia Mzee Patasi, fundi wa kuchonga mifupa ya kale kutoka kwenye mawe. Ilikuwa saa tatu na nusu. Walikuwa na saa nne na nusu za kumpata mwenye kosa, la sivyo mtu wa watu angekwenda na maji kwa sababu tu alishika funguo.

Inspekta alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na mbili, mwenye miguu mibovu na ulimi usiojua kupanga foleni. Kazi yake aliipenda, ila hakupenda kuharakishwa, na jambo alilolichukia kupita yote ni faili jembamba. Hili lilikuwa jembamba hasa.

Jumamosi karakana ilifungwa saa saba mchana. Wafanyakazi walikwenda zao, Mzee akabaki peke yake na jiwe lake kama alivyozoea. Saa kumi na mbili kasoro jioni mlinzi wa geti la mbele aliingia kufunga madirisha, akamkuta chini ya jiwe hilo, amebanwa kuanzia kiunoni, roho imeshatoka. Alijaribu kulinyanyua, akaloa damu hadi viwikoni, ndipo akapiga simu. Wiki moja kabla, Mzee alikuwa amemsemea kwa bosi kwamba analala kazini. Damu, funguo na ugomvi. Kwa mkuu wa kituo hayo yalitosha na chenji ikabaki.

Kilichomkera Inspekta ni mnyororo. Jiwe lilikuwa likiinuliwa kwa winchi ya mkono, na winchi ya namna hiyo ikiachia ghafla, mnyororo humwagika sakafuni ovyo. Katika picha za Jumamosi mnyororo ulikuwa umekunjwa mikunjo mitatu na kutundikwa ukutani kwenye ndoano yake. Ajali haikunji mnyororo. Na mlinzi, aliyeloa damu vile, hakuacha hata tone moja juu yake.

"Labda aliukunja kabla hajaloa," Sajini alisema.

"Amwangushie mtu jiwe, akunje mnyororo vizuri, halafu ndiyo aanze kumwokoa?"

Sajini alifikiri kidogo. "Basi si yeye."

"Kamwambie mkuu wa kituo, mimi hanisikii."

Karakana ilikuwa chumba kirefu chenye madirisha upande mmoja. Vumbi jeupe la jasi lilikuwa limekaa kila mahali, juu ya rafu, juu ya redio, hata kwenye majani ya ua lililokuwa likifa kwenye kopo. Mezani palipangwa patasi ndogo, sindano za kuchokolea, miswaki ya meno ya zamani, mifuko ya mchanga ya kuegeshea mifupa, na chupa za gundi zilizoandikwa kwa kalamu nene. Jiwe lenyewe polisi walikuwa wameliinua na kuliweka juu ya meza ya chuma, wakalifunika kwa nailoni. Inspekta aliifunua.

Mnyama alikuwa amelala kifudifudi ndani ya jiwe, nusu yake ikiwa imeshachongwa ikatoka. Urefu wake ulikuwa kama wa mbwa mdogo. Mgongo wote ulikuwa umefunikwa vipande vya mfupa vilivyopandana, mstari baada ya mstari, kuanzia shingoni hadi kwenye nyonga.

"Peltobatrachus," alisema mtu nyuma yake. Alikuwa Profesa, mkuu wa idara, mwanamume mwembamba aliyevaa tai hata siku ya msiba. "Maana yake ngao na chura. Ni amfibia wa kale sana, Inspekta. Zaidi ya miaka milioni mia mbili na hamsini. Jamaa zake wengi walishinda majini. Huyu alitembea nchi kavu, amevaa deraya. Magamba mapana begani na nyongani, membamba katikati."

"Kama kakakuona."

"Kama kakakuona, ila kakakuona ni mnyama wa juzi tu."

"Na meno yake?"

Profesa alirekebisha tai ambayo haikuwa na kasoro. "Meno yake hayajawahi kupatikana popote. Sisi ndio tungekuwa wa kwanza. Makala yangu inatoka mwezi ujao."

Inspekta alitoa kibahasha cha ushahidi mfukoni, akakiinua kwenye mwanga. Ndani mlikuwa na meno matatu madogo kuliko punje za mchele. "Haya yalikuwa ndani ya kisanduku cha kiberiti, kwenye mfuko wa shati la marehemu. Mashina yake yana gundi. Mtaalamu wetu anasema ni ya mjusi, tena mjusi wa miaka hii. Mzee aliyabandua kwenye taya la mnyama wako, Profesa. Alijua ni ya bandia."

Rangi ilimtoka Profesa. Ilimtoka kweli, siyo kama wanavyoigiza watu, na Inspekta aliyekwisha kuona waigizaji wengi aliona kwamba huyu habari ndiyo kwanza inamfikia. Hata hivyo alimbana.

"Daktari anasema jiwe lilianguka kati ya saa nane na saa tisa. Jumamosi mchana ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa natoa mhadhara. Saa nane hadi saa kumi na moja. Wanafunzi themanini."

"Sabini na sita," Sajini alisema kutoka mlangoni. "Nimewauliza. Kumi na wawili walikuwa wamelala, lakini waliobaki wanaapa hukutoka."

"Meno haya aliyabandika nani?"

"Mimi huletewa mfupa ukiwa umeshasafishwa. Anayenipa ni karakana." Alikaa kwenye kiti cha marehemu bila kujua ni cha nani. "Wako watatu tu. Mzee, binti yake, na mkwewe."

Hao wawili walikuwa barazani, wamekaa bega kwa bega kwenye benchi. Binti alikuwa na ujauzito wa miezi sita na macho yaliyovimba kwa kulia. Mumewe alikuwa amemshika mkono. Walimwita Taratibu tangu alipoanza kazi pale miaka tisa iliyopita, kwa sababu kazi ya siku moja aliifanya kwa wiki na haikuwa na doa, na kila chombo alikirudisha mahali pake. Mzee alimfundisha ufundi, akampenda, akamwoza binti yake. Inspekta alianza na yeye.

"Jumamosi?"

"Nilitoka saa saba na wenzangu, afande. Saa nane nilikuwa nyumbani."

"Nani alikuona?"

"Mke wangu." Alisema hivyo akimtazama mkewe, na mkewe akaitikia kwa kichwa. Binti alikuwa ameandika hivyo hivyo katika maelezo yake ya Jumapili.

"Pole na msiba," Inspekta alimwambia. "Baba mkwe wako alikuwa mtu wa namna gani?"

"Alikuwa baba yangu. Wa kunizaa simjui."

Inspekta alimwamini, na hilo lilimsumbua baadaye. Alimwomba abaki pale pale na Sajini, akamchukua binti peke yake ndani. "Nakuhitaji kama fundi, mwanangu, siyo kama mfiwa. Ukishindwa niambie tuache."

"Sitashindwa. Yule mlinzi ndiye aliyenifundisha kuendesha baiskeli. Hakumuua baba."

"Basi nisaidie kulithibitisha. Kuna kitu hapa kinanikera tangu jana na sikijui jina."

Alimwonyesha bega la mnyama. Juu ya gamba pana palikuwa na alama ya kiganja, damu iliyokauka ikawa ya kahawia. Mzee alijeruhiwa mkono jiwe lilipoanguka, kisha akaweka kiganja pale akijaribu kulisukuma jiwe. Vidole vitatu vilionekana vizima. Cha nne kiliishia katikati, kama kilichokatwa kwa wembe, na mbele yake mfupa ulikuwa safi.

"Nilidhani alikunja kidole," Inspekta alisema. "Jana nimekunja changu mara hamsini. Alama haitoki hivyo."

Binti alivaa kioo cha kukuzia usoni, akainama. Alikaa hivyo kwa muda mrefu. Kisha akafanya jambo ambalo Inspekta hakulitegemea. Alipitisha kucha ya kidole kidogo juu ya gamba, polepole, akiwa amefumba macho.

"Hapa pamevunjika," alisema. "Pakagundishwa."

"Mimi sioni kitu."

"Hupaswi kuona. Amepaficha." Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Ijumaa gamba hili lilikuwa zima, afande. Nililipiga burashi mwenyewe."

"Unaweza kukitoa hicho kipande?"

Binti alichukua chupa ya asetoni ya kuyeyushia gundi na burashi nyembamba, akaanza kulowesha mstari ambao yeye peke yake alijua ulipo. Harufu kali ilijaa chumbani. Alilowesha, akangoja, akalowesha tena. Inspekta alisimama kwa mguu mmoja, kisha kwa mwingine, na kwa mara ya kwanza wiki ile akanyamaza. Baada ya robo saa kipande kilicheza. Hakikuzidi kijiko cha chai kwa upana. Binti alikishika kwa koleo ndogo, akakilaza juu ya pamba.

Chini yake kilikuwapo kidole cha nne. Ncha yake ya kahawia ilikuwa imekaa pale kwenye jeraha la mfupa, imefutwafutwa lakini inaonekana.

"Mfupa huu una vitundu kama sponji," Binti alisema taratibu. "Unanywa kila kitu. Alifuta, lakini damu ilikwishaingia."

Inspekta alivuta kiti akakaa. Sasa mambo yalijipanga yenyewe. Jiwe lilianguka, gamba likagonga ukingo wa meza, kipande kikaruka. Mzee, amebanwa, aliweka kiganja chenye damu palipovunjika. Kisha, baada ya damu, siyo kabla, mtu alikiokota kile kipande akakirudisha mahali pake.

"Gundi hii huchukua muda gani kushika?"

"Ukiwa na mfuko wa mchanga wa kuegeshea, unaondoka tu. Lakini jiwe likiwa limelala ubavu sakafuni, huwezi kuegesha. Unakishika kwa mkono. Dakika ishirini. Ukiachia kabla, kinateleza."

"Mlinzi anajua hayo?"

"Mlinzi hajui hata chupa ipi ni ya gundi."

Inspekta alifungua faili. Ripoti ya uchunguzi wa maiti ilikuwa ya kurasa mbili, na sehemu aliyokuwa akiitafuta ilikuwa katikati ya ukurasa wa pili. Alitamani sana asiisome mbele ya mtu huyu. Lakini alikuwa amemwahidi ukweli tangu Jumapili, na saa zilikuwa zikienda.

"Baba yako hakufa papo hapo. Daktari anasema aliishi dakika arobaini na tano, huenda saa nzima. Hospitali iko barabara ya pili kutoka hapa. Kwa maoni yake, wangemwahi angepona."

Binti hakulia. Alishika ukingo wa meza kwa mikono miwili. "Kwa hiyo huyo mtu alikuwa hapa."

"Alikuwa hapa dakika ishirini, ameshika kipande cha mfupa. Nani kati yenu anaweza kazi hii?"

"Watatu. Mmoja ndiye aliyekuwa chini ya jiwe."

"Wewe ulikuwa kliniki," Inspekta alisema. "Sajini alizungumza na nesi leo asubuhi. Anakukumbuka. Ulisubiri foleni tangu saa saba na nusu na ukatoka saa kumi. Umejuaje kwamba mumeo alifika nyumbani saa nane?"

Nje mtu alicheka, akanyamazishwa na mwenzake aliyekumbuka msiba.

"Aliniambia," Binti alisema mwisho. "Nilimkuta ameshaoga, amefua shati lake, ameanika. Akasema, wakikuuliza sema nilifika saa nane, tusizungushwe. Nikaona ni kweli, polisi wanapenda kuzungusha watu. Sikuona ubaya."

"Kusema alikuambia si ushahidi kwamba alikuwa hapa. Wakili atanicheka."

Inspekta alisema hivyo na kunyamaza. Alijua anachokifanya, na hakujipenda kwa kukifanya. Mwanamke yule alikuwa na mtoto tumboni, baba chumba cha maiti, na mume barazani. Akikaa kimya mume atabaki. Hakuna ambaye angemlaumu, na mlinzi angekwenda mahakamani na damu yake viwikoni.

Binti alichukua sindano. Alikwangua ukingo wa kipande kilicholala kwenye pamba, akaweka ukwanguo ule juu ya karatasi, akavua kioo cha kukuzia, akamsogezea Inspekta vyote viwili.

"Unaona chembechembe? Ni unga wa jiwe. Umenyunyizwa juu ya gundi ikiwa mbichi ili ufa usionekane. Baba alikataza hilo siku ya kwanza ya kazi. Tulipogundisha tuliuacha ufa ujulikane, ili atakayekuja baada yetu asidanganyike. Mimi sijawahi kunyunyiza. Baba hakuwahi." Aliweka sindano chini, sawasawa na nyingine. "Anayenyunyiza ni mmoja. Baba aligombana naye kwa ajili hiyo mpaka mimi nikawa naondoka mezani. Chunguza na yale meno. Utaukuta unga huo huo."

"Utayasema haya kwa maandishi?"

"Niletee karatasi."

Aliandika nusu ukurasa kwa mwandiko mdogo wa mtu aliyezoea kuandika namba kwenye mifupa, akatia saini. Inspekta alimwambia atoke kwa mlango wa nyuma, Sajini atamsindikiza nyumbani. Binti alitikisa kichwa.

"Nitasimama hapa."

Sheria haikumkataza Inspekta kumtoa. Lakini hakuwa na moyo wa kumtoa.

Taratibu aliingia akiwa na kikombe cha maji alichomletea mkewe. Alimtazama mkewe, akamtazama Inspekta, kisha macho yake yakaenda kwenye meza ya chuma, kwenye bega la mnyama, na kwenye pamba. Kikombe alikiweka chini kwa uangalifu.

"Nani amekitoa?" aliuliza. "Kisiachwe hivyo wazi. Ukingo utasagika."

Hakuuliza ni nini. Sajini, aliyekuwa nyuma yake, alifunga mlango.

"Kaa," Inspekta alisema. Alimsomea haki zake neno kwa neno kama kitabu kinavyotaka, akamuuliza kama ameelewa. Akasema ameelewa. "Meno uliyabandika wewe?"

"Ndiyo."

"Profesa alikutuma?"

"Hapana. Alikuwa analalamika kila siku, laiti tungepata meno. Alisema tukipata ataniombea nafasi ya kwenda kusoma. Nikampatia." Alizungumza bila kuinua kichwa. "Mzee aligundua. Jumamosi aliniambia nirudi watu wakishaondoka. Nikapita geti la malori. Alitaka Jumatatu niende mwenyewe kwa Profesa nikaseme. Alisema hatanitaja yeye, anataka niseme kwa mdomo wangu."

"Ukakataa."

"Nilimwomba. Alikuwa anainua jiwe, anazungumza huku anavuta mnyororo, hanitazami. Nikamshika mkono anitazame. Breki ikaachia. Sikukusudia, afande. Mungu ndiye shahidi yangu."

"Hilo nitaliandika. Alikuwa bado hai?"

"Alikuwa hai. Alikuwa na akili zake. Akaniambia, kipande kile kiokote usije ukakikanyaga, halafu kaite watu."

"Ukakiokota."

"Nikakiokota."

"Mbona hukuita watu?"

Taratibu alitazama viganja vyake. "Nilijua wakija atasema. Meno, kila kitu. Nikawa nimekishika kile kipande, sijui niende wapi. Gundi ilikuwa hapo. Nikasema, nikimaliza hiki nitakwenda."

Kalamu ya Inspekta ilisimama. Mkewe Taratibu alikuwa bado amesimama pale pale kando ya meza, mkono mmoja juu ya tumbo.

"Baba alikuwa anafanya nini?" aliuliza.

Hapo ndipo mumewe alipomtazama. "Alipoona nimeanza kushika, aliacha kuniambia niende. Alikuwa anaiona saa ya ukutani kutoka pale alipolala. Akawa ananihesabia dakika. Kila ikipita moja, anaitaja. Nadhani alijua siwezi kuachia kabla, akataka niwahi kumaliza."

"Alifika ngapi?"

"Kumi na nne. Kisha akazimia."

"Na wewe ukaendelea kushika."

"Zilikuwa zimebaki sita," Taratibu alisema.

Inspekta aliliandika jibu hilo kama lilivyotamkwa, akamgeuzia karatasi atie saini.